Mjomba anasema shemeji yangu alitolewa kafara

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni fundi wa mafriji na feni, naishi Mtwara mjini, maeneo ya Chuno. Asili yetu ni Newala, Wamakonde. Baba alituacha nikiwa mdogo, akaenda kuoa kwingine, kwa hiyo aliyenilea ni mjomba. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mikorosho yake, na hata nilipooa ni yeye aliyesimamia mahari. Ninayoyaandika hapa usinione mpwa asiye na shukrani.*

*Mke wangu ni mtu wa Ukerewe, muuguzi. Ajira ndiyo iliyomleta huku kusini. Mdogo wake wa kiume alikuwa ndani ya MV Nyerere siku ile ya Septemba 2018 kivuko kilipopinduka Ukara. Alizikwa kulekule Bwisya pamoja na wenzake. Mke wangu hakuwahi mazishi, maana kutoka Mtwara mpaka Ukara unavuka nchi nzima.*

*Mjomba alikuwa karani wa chama cha msingi, wa kupima korosho. Alipopumzika kazi mwanawe wa Dar akamnunulia simu ya kupangusa, na tangu hapo hatuna amani. Kila msiba wa taifa hili kwake una mwenyewe. Sokoine hakufa kwa ajali. MV Bukoba ilizamishwa. Mzee Mkapa wa Lupaso naye ana hadithi yake. Anarusha voisi ndefu kwenye grupu la ukoo usiku wa manane, na ukimuuliza kazitoa wapi anakwambia "kuna watu wanajua".*

*Mwezi uliopita alikuja kwangu, ana miadi ya macho hospitali. Jioni tunakula, taarifa ya habari ikataja ajali ya boti. Mjomba akasema hivi vyombo havizami vyenyewe. Hata kile kivuko cha Ukerewe, akasema, wale watu walitolewa kafara, kuna wakubwa walitaka vyeo vyao vidumu, na Frimasoni wanapenda damu ya majini. Akamtaja na mfanyabiashara mmoja kwa jina lake kamili kwamba naye alikuwemo. Anajua fika mke wangu kafiwa pale. Mke wangu akainuka na sahani yake akaingia chumbani.*

*Nikamjibu palepale mbele ya watoto. Nikamwambia kivuko kilijaza watu kikapinduka, basi, hakuna kafara wala nini. Nikamtafutia na video. Akacheka, akasema, "Nyie wasomi mmelishwa mkashiba." Tukarushiana maneno mpaka jirani akaja kubisha hodi.*

*Sasa mke wangu kasema mjomba akija tena yeye anahama nyumba. Na Disemba kijana wetu anatakiwa kuingia jandoni Newala. Mjomba ndiye mwenye shughuli, bila yeye hakuna jando. Mke wangu anasema mtoto wake hamkabidhi kwa mtu anayechezea maiti ya ndugu yake. Mama yangu yupo hukohuko Newala, bado sijamwambia lolote, namwonea huruma.*

*Nimwelimishe vipi huyu mzee? Au nimwache tu na imani yake?*

*Mpwa wa Chuno*

Marahaba, mwanangu. Poleni nyote, na mkeo mpe pole yangu ya peke yake.

Swali lako la kumwelimisha mjomba tuliweke pembeni kwanza, maana ndani ya barua yako kuna mtu aliyeumizwa na hukuniuliza neno juu yake. Umenieleza ulichomjibu mjomba, video uliyoitafuta, jirani aliyebisha hodi. Hukunieleza ulimwambia nini mkeo ulipoingia chumbani.

Ulipojibu "kivuko kilijaza watu, basi", ulisema kweli. Lakini uliisema kwa kumshinda mjomba, na kifo cha shemeji yako kikawa ubishi wa Simba na Yanga. Mwenye kusema kafara na mwenye kusema msongamano, kwa mfiwa aliyekaa pale na tonge mkononi, wote mnavutana juu ya mwili wa ndugu yake.

Basi la kwanza liwe hili. Nyumbani kwako, mbele ya mkeo, vifo vya Ukara havijadiliwi. Mjomba asivijadili, na wewe unayejua ukweli usivijadili. Mwenye kuanzisha mazungumzo hayo ni mkeo peke yake, akitaka. Utaona kwamba sharti hili halimtaki mjomba abadili chochote kuhusu Frimasoni. Imani yake akae nayo, arudi nayo Newala, ila sebuleni kwako isifunguliwe mdomo.

Hata kwa mila hakustahili kusema vile. Kwa mkeo yeye amesimama mahali pa baba mkwe, na mkwe ana mipaka ya maneno. Angekuwa mtani wake ningenyamaza. Watani wetu msibani wanaigiza mwendo wa marehemu, wanaingia hata kaburini na kukataa kutoka mpaka walipwe, na wafiwa wanacheka huku wakilia. Mjomba wako hana utani na mkamwana wake.

Tena kuna jambo naona mmelisahau nyote wawili, wewe na yeye. Kijana aliyezama ni ndugu wa kiume wa mkeo, kwa hiyo ni mjomba wa mtoto wako. Mjomba ni nani kwa Mmakonde, nani anahitaji kumfundisha mzee wako? Wewe umelelewa kwa cheo hichohicho. Mtoto wenu anapelekwa jandoni akiwa kapoteza mjomba, na mzee anayempeleka ndiye aliyemfanya marehemu kuwa mfano wa maneno ya mezani. Likisemwa hivyo, sidhani kama atacheka.

Ila usiliseme wewe. Ulishapandisha sauti mbele ya watoto, sasa kila utakalosema atalisikia kama raundi ya pili. Amwambie mama yako. Unasema unamwonea huruma, mimi naona unamnyima kazi yake. Yeye ni dada wa huyo mzee. Kaka anaweza kumpuuza mpwa, akampuuza mwenyekiti wa kijiji, akampuuza na daktari wa macho, lakini dada aliyemzalia wapwa akimwita pembeni akamwambia, "Kaka, umemliza mkamwana wetu kwa kifo cha ndugu yake, tena mjomba wa mjukuu wako," hapo pana uzito. Nenda Newala umweleze mama yote, umwachie. Usimtume kwa simu.

Sasa hiyo kafara.

Usimwone mjomba mjinga. Mzee wa rika lake huku kwetu ana sababu zake za kutoamini anachoambiwa. Alipokuwa mtoto, reli ya Mtwara na Nachingwea, ile iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, iling'olewa. Mwaka 2013 aliona Mtwara ikiwaka kwa ghasia za kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, na bomba likaenda vilevile. Novemba 2018, miezi miwili tu baada ya msiba wa Ukara, jeshi likaja kubeba korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, na wapo wakulima waliosubiri malipo mpaka msimu ukawa hadithi. Mtu aliyepita humo ukimwambia "ilikuwa ajali tu", anasikia sauti ileile iliyomwambia asubiri.

Na siri zipo kweli. Akikwambia MV Bukoba ilikuwa na siri ndani yake, usibishe, ilikuwa nayo. Meli ile ilikuwa ya abiria 430. Ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa inakaribia Mwanza, na waliokufa wanahesabiwa kuwa zaidi ya 800. Miongoni mwao alikuwemo Abu Ubaidah al-Banshiri, mkuu wa mambo ya kijeshi wa al-Qaeda. Sisi tuliokuwa tunalia redioni hatukujua kitu. Al-Qaeda wenyewe hawakuamini kirahisi kwamba mtu wao kazama tu. Walituma watu Ziwa Victoria kwenda kuhakikisha, mmoja wao Fazul Abdullah Mohammed, yuleyule aliyekuja kuhusishwa na milipuko ya balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam tarehe 7 Agosti 1998. Mambo hayo yalitajwa baadaye mahakamani New York. Na walichokikuta kule ziwani? Meli iliyozidiwa, na mtu wao kafa maji kama walivyokufa wauza ndizi wa Bukoba. Siri kubwa ilikuwemo melini na haikuizamisha meli. Mimi kisa hiki huwa kinanisaidia sana ninapokaa na watu wa aina ya mjomba wako, kwa sababu hakinilazimishi kudai kwamba dunia haina siri.

Kivuko cha Ukara nacho hesabu yake haihitaji mganga. Kiliruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220, waliookolewa wakiwa hai ni 41. Mjomba wako kashinda maisha yake yote kwenye mizani ya korosho. Hesabu hiyo anaifanya bila kalamu.

Atakuuliza: mbona kilipinduka kikiwa kimebakiza kidogo tu kufika? Swali zuri. Mwulize na yeye, akivuka kwenda Msangamkuu, chombo kikikaribia ng'ambo nani anabaki ameketi? Watu wanasimama, wanajitwisha mizigo, wanasogea upande wa kushukia. Taarifa za Ukara zilieleza hivyohivyo, kwamba abiria walisogea upande mmoja.

Atakuuliza mbona uokoaji ulisimamishwa usiku. Swali hili ni zuri kuliko lile la kwanza, na hapa nakuomba usijifanye msemaji wa serikali. Ulisimamishwa Alhamisi usiku kwa sababu ya giza, ukaendelea asubuhi. Jumamosi, siku mbili baada ya ajali, fundi mmoja wa kivuko akatolewa mzima kutoka ndani ya chombo. Aliyefiwa pale ana haki ya kuuliza mpaka mwisho wa maisha yake nani mwingine alikuwa anapumua mle ndani usiku ule. Nadhani mkeo anajiuliza. Huenda ndiyo maana aliinuka.

Na hapo ndipo ninapogombana na kafara, wala sigombani nayo kwa sababu ya sayansi. Nagombana nayo kwa sababu inawaachia watu. Rais Magufuli alisema hadharani, siku moja baada ya ajali, kwamba nahodha alimwachia usukani mtu asiye na mafunzo. Siku chache baadaye bodi ya wakala wa serikali uliokuwa unaendesha kivuko ikavunjwa. Kuna aliyepakia, kuna aliyefumba macho gatini, kuna aliyepaswa kukagua. Mikono ni mingi, na yote ni ya watu wenye majina na mishahara. Ukishasema walikunywa damu wakubwa wa kuzimuni, wote hao wanakwenda kulala. Hutauliza tena maboya yalikuwa mangapi. Mzembe hakuna habari anayoipenda kama ya Frimasoni.

Huku kusini tumeliona hili kwa macho. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba walikuwa wanakula watu Lindi na Mtwara, na maneno yetu yalikuwa ni yaleyale: simba wa kutumwa, simba mtu, fulani kamfuga. Watafiti waliohesabu watu waliouawa na simba Tanzania nzima kuanzia 1990 walifika zaidi ya 560, na mikoa yetu hii ilikuwa katika iliyoumia zaidi. Walikuta mashambulio yanazidi wakati wa mavuno. Mkulima analala shambani, kwenye dungu, kulinda mazao yasiliwe na nguruwe pori. Nguruwe wanamvuta simba. Simba anakuta mtu amelala. Ng'ambo ya Ruvuma, kule Muidumbe, kwa ndugu zenu Wamakonde wa Msumbiji, mwaka 2002 na 2003 simba waliua watu, kisha watu nao wakawaua majirani zao kwa kuwashuku kwamba ndio wanaotengeneza hao simba. Nguruwe hakuna aliyemgusa.

Kwa hiyo katika barua yako kilichonitisha zaidi ni yule mfanyabiashara aliyetajwa kwa jina. Akina Frimasoni hawana nyumba pale Mtwara ya kupigwa mawe, yeye anayo. Na ikiwa mjomba analitaja jina hilo kwenye voisi pia, basi ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kifungu chake cha 16 kinahusu kusambaza habari za uongo, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Voisi haikai kwa ndugu. Shangazi mmoja anampelekea mkwe wake, mkwe anaiweka kwenye grupu la kikoba, kesho iko sokoni. Usimtishie mzee polisi. Mwambie unaogopa yeye kufungwa, kama unavyoogopa asianguke mnazini. Hilo moja unaweza kumwambia wewe mwenyewe, faragha, na ulisisitize: aseme atakayo juu ya kuzimu, jina la mtu aliye hai asilitaje.

Mama akishamaliza lake, ukipita muda, kaa na mjomba wewe na yeye tu, kwake, chini ya mikorosho iliyokusomesha. Video acha nyumbani. Yeye ana video nyingi kuliko wewe na bando la kutosha. Mwulize anachokijua: "Mjomba, wewe umepima magunia miaka yote hiyo. Ungewekwa kwenye tume ya kile kivuko, ungemwita nani wa kwanza kumhoji?" Kisha nyamaza. Akisema ningemwita aliyekata tiketi, mwulize angemhoji nini, na baada ya huyo angemwita nani. Mtu aliyezoea kudanganywa anafurahi kupewa nafasi ya kuhoji, na akianza kuhoji watu halisi anaweza kusahau mashetani kwa nusu saa. Halafu chai haijapoa atarudi kwenye Frimasoni. Mwache. Hukwenda kumgeuza siku moja, na huenda asigeuke kabisa.

Sokoine na Mzee Mkapa wala usiwaguse. Sokoine alikufa Dakawa tarehe 12 Aprili 1984 na ubishi wake umewazidi umri watoto wengi wa grupu lenu, hutaumaliza wewe. Grupuni usimjibu hata mara moja. Kila ukimjibu unampa hadhira, na ndugu wanaosoma kimya wanakuwekeni kwenye mizani ya nani kamdhalilisha nani.

Mkeo usimwambie "mzoee, ndivyo alivyo". Mwulize kuhusu mdogo wake. Mwulize kama angependa kwenda Bwisya, maana hakuzika. Nauli ni kubwa, najua, lakini anzeni kuiweka, hata kama itachukua mwaka. Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, mtu wa Ruangwa hapa kwetu Lindi, ndiye aliyeongoza mazishi yale ya pamoja. Dada wa marehemu bado hajafika. Hilo ni deni lenu wawili na mjomba hahusiki nalo.

Jando liende kwa sharti la mkeo. Kabla ya Disemba, mjomba na mama yako waje Chuno wakae mkekani wampe mkeo pole ya msiba, pole ya kawaida, bila kuambatanisha maelezo ya nani kazamisha nini. Na siku ya dua ya kuwakumbuka marehemu, kabla mtoto hajaingia, jina la kijana wa Ukara litajwe pamoja na ya wazee wenu wa Newala, kwamba ni mjomba wa mwali, na alitaje mjomba wako kwa mdomo wake. Akikubali, mtoto aende. Akikataa, ahirisheni mpaka likizo ya Juni. Kijana hataoza kwa kusubiri miezi sita, na mama yako atakuwa na muda wa kuendelea kumsema kaka yake.

Shangazi, Lindi